Kikapu cha Shemeji

Barua ya manispaa ilikuwa fupi, na katika ufupi wake ilimtaja Shemeji mara nne bila kumwita jina. Ilimwita "mbwa husika". Mbwa husika alimuuma msoma mita za maji akiwa kazini. Mbwa husika asitolewe nje bila kufungwa mdomo. Baada ya siku kumi na nne Daktari wa mifugo atafika nyumbani kumwona mwenye mbwa husika akimvisha kifunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe, bila purukushani wala madhara. Ikishindikana, mbwa husika ataondolewa.

Sista aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amekaa. Alikuwa muuguzi miaka thelathini na moja, na neno kama "kuondolewa" hakuhitaji kufafanuliwa. Hospitali nayo ina maneno yake ya kufunikia mambo yasiyotazamika. Alikuwa amestaafu zamani, ila habari hiyo haikuwafikia majirani: waliendelea kumwita Sista, wakamletea watoto wenye homa na vidole vilivyokatwa, naye hakuwahi kumrudisha mtu mlangoni.

Jina la Shemeji lilitoka kwa marehemu mumewe, mtu aliyekuwa na utani hadi wodini. Mdogo wake alileta kitoto cha mbwa ndani ya mfuko akasema, "Mtunzieni wiki moja tu." Akaenda moja kwa moja. Wiki ya nne mume akamwambia mkewe, "Shemeji yako ametuachia mwakilishi. Anakula, analala, haulizi anaondoka lini. Tumpe na jina lake." Ndiyo ikawa. Kwa miaka minane wageni walishtuka sebuleni kumsikia Sista akipaza sauti dirishani, "Jamani, Shemeji anakojolea maua tena!"

Sasa mume alikuwa na mwaka wa tatu kaburini. Binti yao alikaa mji mwingine, akipiga simu kila Jumapili na kuuliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Aliyebaki kuhema na Sista ndani ya nyumba ile alikuwa Shemeji. Kila asubuhi alimgusa wayo kwa pua baridi, ndipo Sista alipoamka. Tusidanganyane, mtu akifika umri ule kuna siku anaamka kwa sababu tu kuna anayengoja aamke.

Mwalimu alipatikana kupitia jirani. Ualimu wake ulikuwa wa mbwa. Mbwa wote wa walinzi wa kiwandani walipita mikononi mwake. Alikuwa mwanamume wa makamo, mfupi, mwenye mifuko iliyojaa makombo, na alipofika hakumtazama Shemeji kabisa. Aliketi kwenye kizingiti, akashusha begani kitu cha plastiki chenye matundu na mikanda miwili, akakiweka chini kama mtu aliyekisahau.

"Ndiyo kifunga mdomo hicho?" Sista akauliza.

"Ofisini wanaita kifunga mdomo. Mimi naita kikapu. Humu ndani mbwa anahema, anakunywa maji, anatoa ulimi. Kinachomshinda ni kuuma tu. Na sisi hatutamvisha, mama. Atakivaa mwenyewe."

"Atakivaa mwenyewe kwa akili gani?"

"Kwa tumbo. Mkono mtupu haulambwi."

Akachovya kidole kwenye kopo la siagi ya karanga, akapaka ndani ya kikapu, kule mwisho. Shemeji alizunguka mara tatu kama mnunuzi asiyetaka muuzaji ajue ameipenda bidhaa. Mara ya nne akatumbukiza pua.

Kazi ilikuwa hiyo hiyo kila siku. Siku ya kwanza, pua iingie na kutoka ipendavyo. Siku ya pili, kikapu kishikwe hewani, mbwa akifuate. Siku ya tatu, pua ikae ndani mpaka uhesabu kumi. Mkanda usiguswe kabla mbwa hajauomba, ndivyo Mwalimu alivyosema, na Sista akacheka: mbwa aombe mkanda! Siku ya tano Shemeji alisukuma kichwa ndani na kutulia, Mwalimu akafunga mkanda nyuma ya masikio, akafungua, akafunga tena, na mkia haukuacha kupiga sakafu.

Kwa Mwalimu, lakini. Sista akichukua kikapu kile kile, chenye siagi ile ile, Shemeji alikuja hatua mbili, akasimama, akarudisha masikio nyuma, kisha huyo, chini ya kitanda. Akimfuata, mdomo ulipanda kidogo upande mmoja na meno yakaonekana. Meno yale hakuwahi kuonyeshwa yeye. Iliuma kuliko barua. Miaka minane anamlisha, na mbwa anamwamini mtu wa siku tano.

"Labda ananusa hospitali kwangu," alisema siku ya sita, akijifanya anatania.

Mwalimu alivuta kiti cha jikoni, akakaa kona. "Mama, fanya kama unavyofanya siku zote. Usinitazame."

Sista akapaka siagi. Akapiga goti, goti likalia. Akanyoosha kikapu kwa mikono miwili. "Njoo, baba. Pole. Pole, Shemeji wangu, pole."

Shemeji akatoweka.

Kule kona Mwalimu akaanza kucheka taratibu, cheko lisilo na furaha nyingi. "Mama, wewe unanikumbuka mimi?"

"Hapana."

"Darasa la pili, shuleni, chanjo. Mlikuja wawili, tukapangwa foleni. Wewe ndiye uliyekuwa na sindano. Kila mtoto ulimwambia pole, kisha ukachoma. Mimi nilikuwa wa kumi na kitu. Nilipofika mbele ulisema pole, nikaanza kulia kabla hujanigusa. Ukasema, huyu mbona analia bure?"

Sista akamtazama kama aliyeambiwa ameiba.

"Huyu mbwa umewahi kumchoma?"

Aliwahi? Shemeji akiwa na miezi minne alihara damu siku kumi. Daktari wa wakati ule aliacha dawa na kusema hana matumaini. Sista alimchoma mwenyewe, asubuhi na jioni, sindano ishirini, kitoto kikiwa kimelegea mapajani mwake, na kila sindano aliitangulizia neno lake. Pole, baba. Mbwa akapona. Tena kila mwaka chanjo ya kichaa cha mbwa: Daktari anachoma, Sista ameshika kichwa, pole, pole.

"Nilikuwa namfariji," alisema.

"Najua, mama. Yeye hajui. Yeye anajua neno, halafu sindano."

Hakukubali. Akatoka uani kuanua nguo, na huko, akiwa na shuka mkononi, mbali, bila kumtazama mbwa aliyekuwa ametoka mafichoni na kujilaza juani, alisema kwa sauti ya kawaida, "Pole." Mkia wa Shemeji ukaingia katikati ya miguu. Akainuka, akaenda ndani akigusa ukuta kwa ubavu.

Sista akabaki na shuka lake. Mambo yakaanza kumrudia moja moja, na hakuna hata moja aliloliomba. Siku ya msoma mita: alikuwa amejikata kwa kifuniko cha kopo, damu inatiririka, kijana wa watu akaja mbio, "Pole, mama, pole," akamshika mkono. Shemeji alikuwa nyuma yao, kati ya tangi la maji na ukuta, hana pa kupita. Kisha siku za msiba. Nyumba ilijaa watu siku tatu, kila anayeingia pole, kila anayetoka pole, na Shemeji siku zote tatu alikaa chini ya kitanda bila kula. Watu walisikitika wakasema mnyama naye anaomboleza. Sista mwenyewe alilala ukingoni mwa kitanda, mkono umening'inia chini, akimpapasa na kumwambia, "Pole, baba. Pole. Tumebaki wawili." Alikuwa akimtisha usiku kucha.

Alilia uani, shuka usoni. Mwalimu alimwacha alie.

"Si tumfundishe upya?" aliuliza baadaye. "Nimwambie pole, nimpe nyama. Pole, nyama."

"Inawezekana. Kwa miezi sita, saba. Tuna siku nane." Mwalimu alikuwa mtu wa ukweli, na ukweli wake hakuupaka siagi. "Kwa sasa neno hilo lisitamkwe. Hata polepole usiseme, maana humo mna pole mbili. Tafuta neno lingine."

Likatafutwa likapatikana: haya. Haya, baba. Haya, pua. Haya, tumemaliza.

Nani anajua ugumu wa kuishi siku nane bila kusema pole, asiyewahi kujaribu? Mtu akikohoa, pole. Akitoka kazini, pole. Akibeba ndoo, akipiga chafya, akisimulia kuwa basi lilimwacha, pole. Bibi jirani alijikwaa kizingitini mbele ya macho ya Sista, akashika kidole cha mguu, akangoja. Sista akamwambia, "Haya." Bibi akamtazama juu hadi chini. "Haya nini?" Akaenda zake na chumvi aliyokuja kuomba hakuichukua. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini wahenga hao hawakukaa jirani na bibi yule.

Na ilifanya kazi. Hilo ndilo baya lake. Siku ya tisa Shemeji alitia pua kikapuni, mkononi mwa Sista, na kuhesabiwa kumi. Siku ya kumi na moja mkanda ulifungwa. Siku ya kumi na tatu walitoka langoni hadi duka la kona na kurudi, Shemeji na kikapu chake, watoto wakimwita roboti, naye akitembea kama mheshimiwa anayekagua barabara. Jioni ile Sista alimpigia binti yake ingawa haikuwa Jumapili.

"Amekivaa," alisema. "Mwenyewe. Kwa mkono wangu."

"Vizuri, mama," binti akasema. "Na presha yako?"

Siku ya kumi na nne, saa nne asubuhi, Daktari alifika na jalada kwapani. Sista alimngojea langoni, akamweleza yote: sindano, neno, haya. Daktari alikuwa mtu mpole mwenye haraka. Alitabasamu, akasema amesikia mengi ila hili jipya, na akaahidi kutolitamka. Mwalimu alikuwa amekitoa kile kiti cha jikoni uani, akakaa kona. Nyuma ya Daktari aliingia msoma mita mwenyewe, maana jalada lilihitaji saini ya mlalamikaji. Naye akaelezwa, akatikisa kichwa kukubali. Alisimama mbali, mkono wa kulia mfukoni.

"Sina kinyongo nawe, mama," alisema. "Nataka tu liishe."

Sista akapiga goti. Akapaka siagi. "Haya, baba." Shemeji akaja, akamnusa Daktari kwa mbali, akapima mambo, akatumbukiza pua. Daktari aliandika kitu. Sista akapeleka vidole nyuma ya masikio kutafuta mkanda.

"Saini hapa," Daktari akamwambia msoma mita kwa sauti ya chini, akimpa kalamu.

Kijana alitoa mkono mfukoni. Alijaribu kushika kalamu, ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani na havikunyooka. "Samahani," alisema kwa aibu, akihamishia kalamu mkono wa kushoto. "Havijarudi bado. Wanasema labda havitarudi."

Sista aliinua macho. Aliuona mkono ule kama muuguzi anavyouona: mshipa umekatika, haukushonwa kwa wakati, hautarudi. Ni kijana, ana kazi ya kuandika, na mbwa aliyemfanyia hivyo ana mikono yake Sista kichwani. Miaka thelathini na moja ikapanda kifuani na kutoka mdomoni kabla hajajua.

"Pole, mwanangu."

Mkanda ulikuwa bado haujashika. Kikapu kiliruka. Shemeji hakubweka wala kunguruma. Aligeuka tu pale pale alipokuwa ameshikwa, na meno yakazama katika mkono uliokuwa karibu, mkono ule ule wa sindano ishirini. Kisha akaachia, akarudi nyuma mpaka tangi likamzuia.

"Pole, Sista!" Daktari alisema, akikimbia na kitambaa.

"Pole, mama, pole sana," alisema msoma mita.

"Nyamazeni!" Mwalimu alisema, lakini nani angemsikia? Kati ya tangi na ukuta Shemeji alikuwa akitetemeka mwili mzima, mkojo ukimtiririka miguuni.

Sista alifungwa bendeji. Alielekeza mwenyewe ifungwe vipi, maana Daktari alizoea kwato. Msoma mita alitia saini ya mkono wa kushoto, herufi za mtoto, akaondoka bila kuaga.

"Ni neno tu, Daktari," Mwalimu alisema. "Mbwa hana kosa. Nipe miezi saba."

"Sina kosa wala sina miezi. Nina karatasi. Bila madhara, imeandikwa, na madhara ninayo hapa mbele yangu yanatoka damu." Daktari alivua miwani, akaifuta. "Halafu, Mwalimu, mji huu una watu wangapi? Na kila mmoja anasema hilo neno mara ngapi kwa siku? Tutaweka mabango?"

"Hapana," Mwalimu alisema. Alikuwa mtu wa ukweli.

"Lini?" Sista akauliza.

"Leo, mama. Ameshauma mara mbili. Siwezi kumwacha." Daktari alikwenda garini, akarudi na mkoba na fimbo ndefu yenye kitanzi cha waya mwishoni. Shemeji alipoiona alijibana zaidi.

"Hicho kitanzi kirudishe," Sista alisema.

"Mama, siwezi kumkaribia hivyo."

"Kirudishe. Na usiseme kitu chochote. Hata kimoja."

Walingoja karibu saa nzima hadi kutetemeka kuishe. Sista alikaa chini, kwenye saruji, miguu imenyooka kama mtoto. Kisha akavuta kopo la siagi kwa mkono mzima, akapaka ndani ya kikapu, kule mwisho, akapaka nyingi kuliko siku zote.

"Haya, baba."

Shemeji alitoka nyuma ya tangi akitambaa kwa tumbo. Alinusa bendeji, akailamba mara moja. Akatia pua kikapuni. Sista alifunga mkanda wa kwanza, akafunga wa pili, akavuta kuhakikisha, na mkia ukaanza kupiga saruji.

"Mbona amekivaa vizuri," Daktari alinong'ona, akasahau kwamba amekatazwa kusema.

Ni kweli alikivaa vizuri. Kwa siku kumi na nne walimfundisha kutulia, na sasa alitulia, na kazi ya Daktari ikawa nyepesi kuliko zote alizofanya mwaka ule. Sista alishika kichwa kama kila mwaka. Sindano ilipokaribia ngozi, neno lilimpanda kooni, lile lile, na akalimeza. Lakini kunyamaza nako hakuweza.

"Haya, baba," alisema. "Haya. Haya."

Shemeji alimtazama akingoja siagi. Sindano ikaingia. Akashtuka kidogo, akamtazama tena, na safari hii alimtazama kwa namna ambayo Sista aliijua: masikio nyuma. Alikuwa na neno moja tu duniani lisilo na sindano ndani yake, na sasa hata hilo sindano ilikuwa imelifikia. Halafu kichwa kikawa kizito mikononi.

Mwalimu alichimba shimo nyuma ya jiko mwenyewe. Alipomaliza alinawa, akachukua kikapu chake akaenda.

Jioni majirani walikuja. Bibi wa kizingitini alikuwa wa kwanza, amesamehe yote. "Pole, Sista." Nyuma yake wakaja wengine, mmoja mmoja, wanawake na waume zao, wakisema pole kwa moyo safi kabisa, na kila mmoja alipomnyooshea mkono, Sista alivuta bendeji yake kifuani na kurudi nyuma hatua moja, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Jumapili simu ililia. "Mama, pole," binti alisema. "Jirani ameniambia. Pole sana, mama. Najua ulimzoea, ila ni mbwa tu, tutakutafutia mwingine."

Sista aliiweka simu mezani bila kuikata. Akaingia chumbani, akapiga goti, goti likalia, akalala sakafuni ubavu wake ukigusa kitanda. Chini kule palikuwa na vumbi, na manyoya, na alama ya mwili uliojikunja hapo miaka minane. Akaingiza mkono wenye bendeji, kisha bega, kisha kichwa. Sebuleni simu iliendelea kusema pole, pole, mama, unanisikia? mpaka ikakatika yenyewe.